Mtoto Anapopotea Kigoma: Mwongozo Kamili kwa Mzazi, Jirani na Kiongozi wa Mtaa

Habari ya mtoto kupotea husambaa katika Manispaa ya Kigoma Ujiji upesi kuliko miguu ya wanaomtafuta. Kabla mama hajamaliza kuzunguka nyumba za majirani, Gungu wameshasikia kwamba kuna gari jeusi, Mwanga wanasema ni wageni waliovuka ziwa, na Katubuka watu wamesimama barabarani wakimkagua kila anayepita na mtoto mgongoni. Hofu hiyo ina sababu zake. Mwanzoni mwa 2019 watoto waliuawa mkoani Njombe, na mwishoni mwa Mei 2024 mtoto mwenye ualbino, ambaye hata miaka mitatu hakuwa ameitimiza, alitekwa nyumbani kwao wilayani Muleba, Kagera, na mwezi uliofuata mabaki ya mwili wake yakapatikana. Mzazi anayeogopa hastahili kuchekwa. Lakini hofu isiyopewa kazi ya kufanya hutafuta mtu wa kumpiga, na mtu aliyeuawa hawezi kueleza mtoto yuko wapi. Kwa hiyo mwongozo huu unapanga kazi hiyo, hatua kwa hatua, kwa kufuata mitaa, barabara, mialo na stesheni tulizonazo hapa.

Maandalizi ya kufanywa mapema

Mpige mtoto picha mbili kila baada ya miezi mitatu: moja ya uso ukitazama mbele, masikio yakionekana, na nyingine ya mwili mzima akiwa amesimama. Picha ya ubatizo au ya Idi ya mwaka juzi haisaidii sana, kwa kuwa mtoto wa miaka minne na wa miaka sita ni kama watu wawili tofauti. Andika pia mahali pamoja alama zake za mwili, dawa anazotumia, lugha anazozisikia, na majina ya wenzake watatu wanaocheza naye kila siku pamoja na nyumba wanazokaa.

Mtoto mdogo akiulizwa jina la mama yake hujibu "Mama", na akiulizwa anakokaa hujibu "nyumbani". Afundishwe majina mawili ya mzazi, jina la mtaa, na namba moja ya simu. Namba hiyo aimbiwe kama wimbo wakati wa kuoga, naye ataishika kabla hajaanza darasa la kwanza. Nyumba iwe na neno la siri ambalo mtu yeyote atakayetumwa kumchukua mtoto shuleni au madrasa atalitaja, hata kama ni shangazi. Mwalimu wa zamu naye ajulishwe kwa maandishi nani anaruhusiwa kumchukua.

Ninasisitiza shangazi kwa sababu onyo tulilozoea, la "usiongee na mtu usiyemjua", linaacha mlango mkubwa wazi. Marekani, ambako matukio haya yamehesabiwa kwa makini, utafiti wa kitaifa wa mwaka 1999 ulikadiria watoto wapatao 203,900 waliochukuliwa na wanafamilia, ilhali watoto waliotekwa na wageni kwa namna ile tunayoiona kwenye sinema walikadiriwa kuwa 115. Takwimu hizo si zetu, lakini mwelekeo wake ni wa kutiliwa maanani. Kwetu huku anayemwondoa mtoto nyumbani huweza kuwa baba aliyegombana na mama, au mama mtu mzima, mwenye heshima zake, aliyekaribishwa ugali na kuahidi kumpeleka binti Dar es Salaam "akasome", naye akaishia kuosha vyombo vya watu.

Hatua ya kwanza: nusu saa ya mwanzo

Mtu mmoja abaki nyumbani, akiwa na simu yenye chaji, kwa sababu watoto wengi hurudi wenyewe na kukuta nyumba tupu, kisha wakatoka tena kuwatafuta wanaowatafuta. Wengine waanze na maji kabla ya kitu kingine chochote: kisima, pipa, karo, mtaro, shimo lililochimbwa udongo wa matofali, na kwa wanaokaa Kibirizi, Katonga au Ujiji, ufukwe wa ziwa. Anayezama ana dakika chache tu, hivyo maji hayasubiri zamu yake kwenye orodha. Choo cha shimo nacho kimulikwe kwa tochi hata kama kimefunikwa.

Baada ya maji, ndani ya nyumba. Chini ya vitanda, nyuma ya kochi, ndani ya kabati, stoo ya mahindi, gari lililoegeshwa, jokofu bovu lililotupwa uani. Mtoto aliyelala usingizi mzito haitikii jina lake, na mtoto anayeogopa kuchapwa kwa kuvunja chupa ya chai haitikii kwa makusudi, kwa hiyo anayeita aite kwa upole. Sauti ya ukali humfanya ajifiche zaidi.

Kisha waulizwe watoto wenzake, kila mmoja peke yake, akiwa amekaa na mtu asiyekuwa na fimbo mkononi. Wasiulizwe "yuko wapi?" kwa sababu jibu litakuwa "sijui". Waulizwe walikuwa wanacheza nini, nani alikuwepo, nani aliondoka kwanza na alielekea upande gani. Nimeona watu wazima ishirini wakibishana juu ya gari ambalo hakuna aliyeliona, na mtoto wa jirani amekaa kizingitini akijua kwamba mwenzake alifuata ngoma ya harusi. Hakuna aliyemuuliza.

Nusu saa hiyo ni kwa mtoto mwenye afya aliyetoweka mchana katika mazingira aliyoyazoea. Kama mtoto ana ualbino, ana ulemavu wa akili, ni kiziwi, ametoweka usiku, au kuna mtu aliyeona akibebwa, polisi wajulishwe papo hapo na msako uendelee sambamba. Kwa mtoto mwenye ualbino hali hiyo itajwe katika sentensi ya kwanza ya taarifa. Mkoa huu unaijua hatari hiyo kwa karibu, ndiyo maana watoto wenye ualbino waliwahi kuhifadhiwa kwa pamoja Kabanga, wilayani Kasulu.

Hatua ya pili: kituo cha polisi

Hakuna sheria inayomtaka mzazi asubiri saa 24. Imani hiyo imeenea mno na imepoteza saa nyingi za thamani. Utafiti uliofanyika Marekani juu ya watoto waliotekwa na baadaye kuuawa ulionyesha kuwa takribani watatu kati ya wanne waliuawa ndani ya saa tatu za kwanza. Matukio ya namna hiyo ni machache sana, na sielezi haya ili kumtisha mzazi, ila ajue kwamba kungoja hadi kesho hakuna faida yoyote, ilhali taarifa ya mapema iliyofutwa kwa sababu mtoto amepatikana kwa bibi yake haimgharimu mtu kitu.

Namba ya dharura ya polisi ni 112. Namba 116 ni Huduma ya Simu kwa Mtoto, ni bure, na inamfaa mzazi anayehitaji kuelekezwa vilevile jirani anayejua jambo lakini anaogopa kujitokeza. Hata baada ya kupiga simu, mtu aende kituoni ana kwa ana, na anayefaa zaidi kwenda ni yule aliyemwona mtoto mara ya mwisho, hata kama ni dada wa kazi, wala si mjomba mwenye sauti kubwa. Aombe kuhudumiwa na Dawati la Jinsia na Watoto, apeleke picha na maelezo ya nguo, na asiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa iliyoandikwa kituoni. Namba hiyo ndiyo itakayotajwa kwenye matangazo na katika kila ufuatiliaji utakaofuata. Aandike pia jina la askari aliyepokea maelezo.

Kuna jambo ambalo familia hulificha hapa, nalo ni ugomvi wa ndani. Kama wazazi wametengana, kama kuna deni la mahari, kama mtoto alipigwa asubuhi ile, kama kuna ndugu aliyewahi kutishia kumchukua, yasemwe yote. Aibu ya kusema mbele ya askari ni ndogo, na mpelelezi anayenyimwa habari hizo atapoteza siku nzima akilisaka gari jeusi.

Wakati huohuo mwenyekiti wa mtaa au kijiji, mtendaji, polisi kata na afisa ustawi wa jamii wajulishwe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kuwa haki za mtoto zinavunjwa aitoe kwa mamlaka ya serikali za mitaa, kwa hiyo anayetoa habari anatimiza wajibu wake, hamchongei mtu.

Hatua ya tatu: kugawana maeneo na kuziba njia

Mwenyekiti asiache watu wakimbie kila mmoja kwa uelekeo wake. Achore mtaa kwenye karatasi, hata kwa kalamu ya mtoto, agawe vipande, na kila kipande kipewe watu wawili wawili wanaofahamika, wenye saa ya kurudi kutoa majibu hata kama hawakupata kitu. Yeyote atakayekuta kandambili au nguo asiiokote. Asimame hapo, azuie wengine kukanyaga, amwite askari.

Kigoma ina nafuu moja ambayo Dar es Salaam haina: njia za kutokea mjini ni chache na zinafahamika. Magari ya Manyovu na ya Kasulu yote hupita Mwandiga, na mbele kidogo, Kidahwe, barabara ya Uvinza na Tabora huachana na ile ya Kasulu. Kijana mmoja wa bodaboda akitumwa Mwandiga na mwingine stendi ya Masanga, wakiwa na picha kwenye simu, wanafanya kazi ya watu hamsini wanaozunguka sokoni. Kazi yao ni kuonyesha picha kwa makondakta, wakata tiketi na mama lishe, na kupiga simu kwa polisi wakiona kitu. Kusimamisha magari ni kazi ya askari. Treni ikiwa imeshaondoka, polisi waombwe kuwasiliana na stesheni zilizo mbele, yaani Uvinza, Nguruka, Kaliua hadi Tabora, kwa sababu treni ya reli ya kati haimfichi mtu ikiwa wanaomsubiri wamejulishwa.

Ziwa ni gumu zaidi. Kutoka Kibirizi boti za abiria huelekea kaskazini hadi Kagunga, karibu na mpaka wa Burundi, na kutoka mialo mingine vyombo huvuka kwenda Kongo, vingine vikiwa vya mizigo ya dagaa na mawese ambavyo abiria wake hawaandikwi popote. Mwaloni waulizwe wapagazi kwanza. Wao ndio wanaomwinua mtoto na kumpitisha majini hadi ndani ya boti, na humkumbuka mtoto aliyelia au aliyekataa mkono wa mtu aliye naye, wakati nahodha anatazama shehena yake tu. Halafu waonwe viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, ambao wana namba za simu za wenzao wa mialo inayofuata, na boti ya mwendo wa saa nyingi inaweza kutanguliwa na simu moja.

Hatua ya nne: tangazo

Tangazo zuri ni fupi, lina tarehe na saa, na halina dhana. Mfano wake ni huu: "Anatafutwa Baraka, mvulana wa miaka sita, mwembamba, ana kovu dogo juu ya jicho la kushoto, anazungumza Kiswahili na Kiha. Alionekana mara ya mwisho Jumanne saa kumi jioni karibu na soko la Mwanga, akiwa na kaptula ya shule na fulana ya njano, bila viatu. Aliyemwona apige 112 au atoe taarifa kituo chochote cha polisi. Tangazo hili limetolewa Jumanne saa kumi na mbili jioni." Mwishoni iongezwe namba ya RB na tarehe kamili, kwa kuwa tangazo lisilo na tarehe huzunguka miaka miwili baada ya mtoto kurudi nyumbani. Neno "ametekwa" lisitumike mpaka polisi walithibitishe.

Tangazo hilohilo, bila kubadilishwa neno, lisomwe msikitini, kanisani, redioni na kwenye gari la matangazo. Familia ibaki na alama moja isiyotangazwa popote, kwa mfano shanga au kamba aliyofungwa kiunoni. Simu zitakuja, na baadhi zitatoka kwa matapeli walewale wa "ile pesa tuma kwa namba hii", wakidai mtoto yuko hospitali Kahama na anahitaji fedha ya matibabu. Anayepiga aulizwe juu ya alama hiyo. Asipoijua, namba yake ipelekwe kwa mpelelezi, na fedha isitumwe. Anayedai kikomboleo naye asijibiwe kwa hasira wala kwa ahadi: asikilizwe, maneno yake yaandikwe, polisi wajulishwe bila yeye kuambiwa.

Hatua ya tano: kuutuliza umati

Hapa ndipo mitaa mingi hushindwa, nami nitakaa hapa kidogo. Uvumi wa wanyonya damu, mumiani, ulikuwepo Afrika Mashariki tangu enzi za ukoloni, na kila kizazi huuvisha nguo za wakati wake: zamani lilikuwa gari la zimamoto, leo ni Noah yenye vioo vyeusi na ujumbe wa sauti wa WhatsApp unaoanza kwa "jamani wazazi tuwe makini". Ujumbe wa namna hiyo upimwe kwa maswali machache. Nani aliyeurekodi, na anaweza kutajwa? Mtoto gani, wa shule gani, siku gani? Kuna RB? Ukikosa majibu, usiusambaze, hata kwa nia njema. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamgusa anayechapisha taarifa anazojua kuwa ni za uongo au za kupotosha, lakini sababu kubwa zaidi ni ya kibinadamu, kwani kila ujumbe wa uongo huwavuta watafutaji kutoka kwenye kipande chao cha msako.

Mtu akishukiwa, mwenyekiti asimame kati yake na watu, amkalishe ndani ya jengo lenye mlango, ofisi ya mtaa, msikiti au duka, apige 112, kisha aupe umati kazi: kundi hili lirudi kukagua mtaro, kundi lile liende stendi. Watu waliopewa kazi hupungua uwanjani. Asimuhoji mshukiwa hadharani, kwa kuwa kila jibu atakalolitoa litapokewa kwa kelele, na kigugumizi cha mtu anayeogopa kuuawa si ushahidi wa wizi wa mtoto. Anayekamatwa kimakosa namna hii mara nyingi ni mgeni, mgonjwa wa akili, mchuuzi, mkimbizi, au mwanamke ambaye mtoto wake analia na hafanani naye. Swali la "huyu mtoto ni wako?" linamalizwa na kadi ya kliniki au simu ya kwao, tena ndani ya dakika kumi. Na vijana waelezwe waziwazi kwamba wanaoshirikiana kumuua mtu hushtakiwa wote kwa mauaji, aliyerusha jiwe, aliyeleta petroli na aliyeshika miguu.

Wapiga ramli wasiitwe. Kigoma tunawajua wanaojiita kamchape au lambalamba, na tunajua kinachofuata: jina la jirani, mara nyingi bibi mjane, nyumba kuchomwa, na mtoto bado hajaonekana. Familia iliyokata tamaa isihukumiwe kwa kuwafikiria. Wazee wa ukoo ndio wenye nguvu ya kulizuia jambo hilo, wala si vijana wala wageni wa msiba.

Kwa aliyemkuta mtoto wa mwenzake

Mema yanaweza kumponza mtu, kwa hiyo afuate utaratibu. Usimchukue mtoto kumpeleka kwako. Simama naye palepale, mahali pa wazi, mwite mama lishe au mwenye duka awe shahidi, na mketi kivulini kwa dakika chache, kwa sababu anayemtafuta huenda yuko umbali wa nyumba tatu. Asipojibu Kiswahili, jaribu Kiha, Kirundi au Kibembe kwa msaada wa wapita njia. Baada ya hapo mpeleke kwa mwenyekiti au kituoni ukiwa na shahidi huyo, na taarifa yako iandikwe. Anayekuja kumdai atajwe na mtoto mwenyewe: mtoto aulizwe huyu ni nani, wala asiambiwe "baba yako huyu hapa".

Kama amepelekwa kazini au amechukuliwa na mzazi mwenzako

Binti aliyesafirishwa kwenda kuwa hausigeli, au mvulana aliyepelekwa kwenye mashamba ya tumbaku ya Urambo na Kaliua, ni mtoto aliyepotea hata kama mzazi alikubali na hata kama nauli ililipwa. Umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 14, tena kwa kazi nyepesi, na Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 haimpi msafirishaji kinga kwa kuwa aliridhiwa na wazazi. Mzazi aende polisi bila kuogopa kwamba atajishtaki mwenyewe kwanza. Kwa mtoto aliyechukuliwa na mzazi mwenziwe, ustawi wa jamii na mahakama ya watoto ndio wenye kuamua akae wapi. Kwenda kumnyang'anya usiku na kundi la wajomba huzaa kesi ya pili.

Akipatikana

Afunikwe, apewe maji, asipigwe, asihojiwe na ukoo mzima. Kama kuna dalili au shaka ya kuingiliwa, asiogeshwe na nguo zake zisifuliwe. Apelekwe Hospitali ya Maweni au kituo cha afya kilicho karibu, na fomu ya PF3, ile ya polisi ya kumruhusu majeruhi atibiwe, ichukuliwe kituoni, ingawa mtoto mwenye hali mbaya hutibiwa kwanza na fomu ikafuata. Dawa za kumkinga na virusi vya Ukimwi zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo bora. Kwa mtoto aliyepotea tu njiani, inatosha kukaa naye siku mbili tatu bila kumsimulia kila mgeni kisa chake mbele yake. RB ifungwe kituoni, na kila aliyelisambaza tangazo aombwe kulifuta na kuandika "amepatikana", bila picha.

Siku zikipita bila kuonekana

Familia imteue mtu mmoja, mwenye subira na mwandiko unaosomeka, awe ndiye anayefuatilia. Aende kituoni kwa siku maalumu kila wiki akiwa na daftari, aandike aliyemwona na alichoambiwa, na jalada likikaa bila kusogea apande kwa mkuu wa kituo, kisha kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Pale ambapo mtoto anadhaniwa kuvuka kwenda Burundi au Kongo, au familia ilitenganishwa na vita, Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania hushirikiana na wenzao wa nchi hizo kutafuta ndugu waliopotezana. Kazi hiyo inajulikana sana katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na ilionekana pia Mei 2015 wakati maelfu ya Warundi walipofika Kagunga na kuletwa Kigoma kwa meli ya MV Liemba. Watakaoulizwa ni wazazi, na wataulizwa mambo madogo: jina la utani, jina la bibi, mbwa wa nyumbani aliitwaje. Yaandikwe mapema kwenye daftari hilo, kumbukumbu zikiwa bado mbichi, pamoja na picha ya mwisho, na kila mwaka iongezwe picha ya ndugu yake anayefanana naye akiwa na umri ambao mtoto huyo angekuwa nao.